Ugomvi wa riwaya za gemu: kila mtu na pishi yake

Tarehe 31 Januari 2012 kiliingia madukani kitabu ambacho wapenzi wa gemu ya Mass Effect walikuwa wakikihesabia siku. Kilikuwa cha nne katika mfululizo wa riwaya zinazotokana na gemu hiyo, jina lake Deception, mwandishi William C. Dietz, Mmarekani aliyekwisha kuandika vitabu vingi vya vita vya angani. Hata wiki haikwisha. Mashabiki walikipitia ukurasa kwa ukurasa, kama mhasibu anayepitia stakabadhi za mwenzake asiyemwamini, wakayaorodhesha makosa waliyoyaona katika waraka mmoja mrefu.

Makosa yenyewe hayakuwa ya kusingizia. Katika kitabu cha pili, Ascension cha mwaka 2008, yumo binti anayeitwa Gillian, mwenye miaka 12 na usonji, na hali yake hiyo inabeba sehemu kubwa ya hadithi. Kufika Deception, wakati kwa kalenda ya hadithi imepita miaka michache tu, Gillian ni msichana wa miaka 18 na usonji hauonekani ulikokwenda. Mlinzi wake, Hendel, ambaye msomaji alishaelezwa zamani kuwa havutiwi na wanawake, sasa anawakodolea wanawake macho. Siku chache baada ya kitabu kutoka, BioWare wenye gemu na Del Rey waliochapa wakatoa tamko la kuwaomba radhi mashabiki na kuahidi masahihisho katika matoleo yajayo.

Kampuni kuomba radhi kwa sababu ya riwaya ni jambo la nadra. Ila mimi kilichonikaa kichwani ni aina ya lawama zenyewe. Watu walilalamikia umri, tabia, vifaa, mpangilio wa matukio: mambo ya kumbukumbu. Mtu ambaye hajawahi kushika pedi, kile kifaa cha mkononi cha kuchezea gemu, akisoma kitabu hichohicho angeona hadithi ya kawaida ya kukimbizana na kupigana risasi, na asingejua kelele zinatoka wapi. Waulize wote wawili kama kitabu ni kizuri. Watakujibu, na majibu yao hayatakutana popote, kwa kuwa mmoja anapima kwa pishi na mwenzake kwa mizani, na kila mmoja anadhani mwenzake ana macho lakini haoni.

Mabishano haya nimeyafuata kwa miaka, na mengine nimeyachochea mwenyewe. Nilianzia mlango wa nyuma. Nairobi kuna wauza vitabu vya mtumba wanaotandaza bidhaa chini kando ya barabara, wanaoitwa "inama" kwa sababu bila kuinama hununui. Huko ndiko nilikoipata The Fall of Reach, riwaya ya gemu ya Halo, imechanika jalada la nyuma, imelazwa katikati ya miongozo ya Windows na vitabu vya marudio ya mtihani.

"Hiyo ni ya kompyuta, boss," muuzaji akaniambia. "Chukua na mia."

Nikampa mia yake. Sikuwa nimewahi kucheza Halo wala sikuwa na mashine ya kuichezea.

Mapema kitabuni tunafikishwa kwenye uwanja wa shule katika sayari ya mbali. Mwanasayansi mmoja, Dakta Catherine Halsey, amefika na luteni kijana kumwangalia mtoto wa miaka sita anayeitwa John. Watoto wanagombania kilele cha kilima kidogo, na John anawaporomosha wenzake mmoja baada ya mwingine. Halsey anamwita pembeni, anamwonyesha sarafu: nitairusha, ukibashiri upande utakaotokea juu, ni yako. Anairusha. John haingoji ianguke. Anaidaka hewani, anasema "tai", anafungua kiganja, na kweli ni tai. Kwa ustadi huo huo ndivyo anavyojiponza. Baadaye anaibwa kutoka kwao, na mahali pake anawekwa mtoto aliyetengenezwa maabara kwa mfano wake, ambaye ataugua na kufa, ili wazazi wazike wakidhani wamemzika mwana wao. Walioibwa hivyo ni 75. Wakifika miaka 14 wanafanyiwa upasuaji wa kuwageuza askari wasio wa kawaida. 30 wanafia mezani au baada yake, na 12 wanabaki vilema.

Nilikisoma usiku mbili. Binamu yangu, aliyekuwa na Xbox, mashine ya kuchezea gemu, tangu sekondari, alipokiona mkononi mwangu hakuuliza kama kimeandikwa vizuri. Aliuliza, "Umefika pale wanapopewa deraya?" Kwangu kilikuwa kitabu cha watoto walioibwa. Kwake kilikuwa kitabu cha kueleza ile nguo ya kijani ya chuma ambayo amekuwa akiivaa kwa vidole gumba kwa miaka. Tulibishana hadi chai ikapoa, na sikuelewa siku ile kwamba hatukuwa tunabishania kitu kimoja.

Ili kuuelewa ugomvi huu inabidi uone vitabu hivi vinavyotengenezwa. Riwaya ya gemu huzaliwa kwa mkataba. Kampuni ndiyo mwenye kila kitu: majina, sayari, bunduki, hata wahusika ambao mwandishi atawabuni mwenyewe usiku wa manane. Yeye hulipwa, pengine na mrabaha kidogo juu yake, na hakimiliki hubaki kwa kampuni. Hupewa mwongozo wa ulimwengu wa gemu, ambao mara nyingine bado unaandikwa wakati yeye ameshafika sura ya tano, na tarehe ya kukabidhi ambayo huwa imefungwa kwenye tarehe ya gemu kuingia sokoni. Kwa kifupi ni mpangaji. Anaruhusiwa kupaka rangi na kutundika picha. Kubomoa ukuta haruhusiwi, na mwenye nyumba anaweza kuja na nyundo siku yoyote.

Eric Nylund aliiandika The Fall of Reach kwa takriban wiki saba. Wiki saba huku kwetu ni muda wa kumngoja fundi amalize kabati. Ilitoka tarehe 30 Oktoba 2001, na gemu ya kwanza ya Halo ikafuata tarehe 15 Novemba, pamoja na mashine ya Xbox yenyewe. Yaani kitabu kilitangulia gemu kwa wiki mbili. Naona hapa ndipo penye siri ya sifa zake: Nylund alikabidhiwa nyumba ambayo vyumba vyake vingi bado vilikuwa vitupu. Gemu ilikuwa na askari asiyevua kofia wala kusema maneno mengi, ambaye ndiye yule John. Utoto wake, jina lake na watu aliokua nao, vyote msomaji alivipata kitabuni.

Mashabiki wana neno "kanoni", lililotoka kanisani: maandiko yanayokubalika kuwa ndiyo ukweli wa hadithi. Kwa miaka tisa kitabu cha Nylund kilikuwa kanoni ya anguko la sayari ya Reach. Mwaka 2010 mwenye nyumba akaja na nyundo. Gemu ya Halo: Reach ilisimulia anguko lilelile kwa namna yake. Kitabuni adui anafika kwa kishindo na sayari inaanguka tarehe 30 Agosti 2552, karibu kwa pigo moja. Kwenye gemu adui ameshaonekana huko tangu Julai, vita vinachukua wiki kadhaa, na meli ya Pillar of Autumn, ambayo kitabuni iko angani, inapaa kutoka ardhini. Kitabu kilichapwa upya mwaka huohuo kikiwa na marekebisho, lakini nyufa nyingine hazizibiki kwa kubadilisha tarehe hapa na pale. Waliokulia kwenye kitabu waliona wameporwa. Waliokulia kwenye gemu waliona wanagombezwa kwa kosa wasilolijua.

Na bado rangi nyingine ya mpangaji ilibaki ukutani. Fred, Kelly na Linda, watoto watatu wa kundi la John, walizaliwa kwenye kurasa za Nylund. Mwaka 2015 wakaingia kwenye Halo 5, wakipigana bega kwa bega na mchezaji. Kwa hiyo anayesema kwamba riwaya za gemu ni mabaki tu ya meza ya gemu hajawatazama vizuri walioketi mezani.

Ugumu mwingine uko kwenye pedi yenyewe. Unapocheza, wewe ndiye shujaa. Ukikosea unakufa na kurudia. Kitabu kinakunyang'anya pedi na kukukalisha pembeni utazame mtu mwingine akifanya kilekile ulichokifanya wewe, tena bila kukosea. Halo: The Flood ya mwaka 2003, ya huyohuyo Dietz, ilisimulia upya gemu ya kwanza, na msomaji aliyeicheza anaitambua korido baada ya korido: hapa kuna mlango, hapa nilikufa mara nne. Lakini kitabu hicho kina Yayap. Ni askari wa chini kabisa wa upande wa adui, mfupi, mwoga, mmoja wa wale ambao kwenye gemu unawaua kwa makumi bila kuwakumbuka. Kitabuni Yayap amejikuta amefungwa kwa afande mwenye kiu ya kulipiza kisasi, na shughuli yake kubwa ni kutafuta namna ya kufika kesho. Mashabiki wanaokidharau kitabu kizima huwa wananyamaza ukimtaja Yayap. Amewekwa mahali ambapo pedi haifiki.

Drew Karpyshyn, aliyeandika riwaya tatu za kwanza za Mass Effect na ambaye ndiye aliyeongoza uandishi wa gemu ya kwanza, aliliona shimo hili mapema akalizunguka. Shujaa wa gemu ni Kamanda Shepard, lakini Shepard wako si Shepard wangu: wewe ulimfanya mwanamke mpole, mimi mwanaume mkali, na kila mmoja wetu aliokoa watu tofauti. Shepard mmoja akiwekwa kitabuni, mamilioni wengine wanafanywa waongo. Basi Karpyshyn akamchukua David Anderson, afisa ambaye kwenye gemu si wa kuchezwa, pamoja na mwanasayansi Kahlee Sanders, akaanzia miaka ya nyuma kabla Shepard hajawa mtu wa kutajwa. Nathari yake ni ya kufanya kazi tu. Hakuna sentensi utakayoikata uibandike ukutani. Ila mashabiki wengi wanamheshimu hadi leo, na heshima hiyo ni ya mtu aliyejua nyumba ina vyumba vingapi.

Kinyume chake ni Doom. Gemu ile ya 1993 ilikuwa na hadithi inayoenea nyuma ya kiberiti: askari, mwezi wa Mars, mashetani, bunduki. Dafydd ab Hugh na Brad Linaweaver waliitolea riwaya nne kati ya 1995 na 1996, na kwa kuwa hakukuwa na ukuta wa kubomoa walijenga walivyotaka. Kitabu cha kwanza kinaifuata gemu kwa adabu. Cha pili kinahamia duniani, ambako Wamormoni wa Salt Lake City wanaongoza upinzani. Ukiendelea unagundua kwamba mashetani si mashetani bali viumbe waliotengenezwa na watu wa sayari nyingine, na kwamba watu hao wamekuwa vitani kwa enzi na enzi kwa sababu ya kutokubaliana jinsi ya kufasiri vipande vya maandishi ya kale. Ndiyo, vita vya nyota kwa ajili ya uhakiki wa fasihi. Kwa pishi ya kanoni vitabu hivi ni balaa. Mimi navipenda, na nashuku waandishi walikuwa wakitucheka sisi kabla hatujaanza hata kubishana.

Kuna pia wanaosema tatizo ni waandishi: tafuteni mwandishi mkubwa, ubora utakuja wenyewe. Jaribio hilo limeshafanyika. Greg Bear alikuwa na tuzo za Hugo na Nebula, zile kubwa za riwaya za kisayansi, kabatini alipoandika utatu wa riwaya za Halo uitwao Forerunner kati ya 2011 na 2013. Aliupeleka nyuma takriban miaka laki moja kabla ya gemu za Halo, kwa wale waliojenga zile pete kubwa za angani zilizoipa gemu jina lake, akaandika kwa mwendo wa taratibu juu ya ukoo, cheo, hatia na kumbukumbu. Ukimuuliza mpenzi wa riwaya za kisayansi atakwambia hiki ndicho kilele. Ukimuuliza binamu yangu atakuuliza deraya iko wapi. Brian Evenson naye, mwandishi anayeheshimika katika fasihi ya Marekani, alipoandika Dead Space: Martyr mwaka 2010 alijiita B. K. Evenson, akatenganisha kazi zake kwa herufi mbili tu. Herufi hizo zinaeleza hadhi ya riwaya za gemu machoni pa wenye fasihi kuliko hotuba yoyote.

Hapa naomba nisafishe jambo moja linalochafua kila ubishi. Mtu akibanwa hutaja Metro 2033 kama ushahidi kwamba riwaya ya gemu inaweza kuwa fasihi nzito. Metro 2033 si riwaya ya gemu. Dmitry Glukhovsky aliiweka mtandaoni mwaka 2002, ikachapwa 2005, na gemu ikatengenezwa kutoka kwake mwaka 2010. Hapo gemu ndiyo mpangaji. Stalker ndiyo imezunguka kabisa: riwaya ya ndugu wawili wa Kirusi ya mwaka 1972, ikawa filamu mwaka 1979, gemu ya Ukraine ikachota humo na kutoka mwaka 2007, kisha gemu hiyo ikazaa riwaya nyingine za Kirusi zaidi ya mia. Wajukuu wa kitabu wamerudi kuwa vitabu, na wengi wao hawafanani na babu.

Kinachonishangaza zaidi si cha video hata kidogo. Warhammer 40,000 huchezwa mezani kwa visanamu na dadu, na imekuwa ikitolewa na Games Workshop ya Nottingham, Uingereza, tangu 1987. Mwaka 2006 Dan Abnett alifungua mfululizo wa Horus Heresy, ambao pamoja na vitabu vya kuuhitimisha ulipita vitabu 60 na kufika mwisho 2024. Mwisho wenyewe ulijulikana kabla ya ukurasa wa kwanza, maana vitabu vya kanuni za mchezo vilishausema zamani: Horus atamsaliti baba yake Mfalme, atauawa, na baba atakalishwa nusu mfu kwenye kiti cha dhahabu kwa miaka 10,000. Watu walisoma miaka 18 kuelekea jambo walilolijua.

Wageni huona huo ni upuuzi. Msikilizaji wa tenzi hawezi kuona hivyo. Watunzi wa Pate na Lamu walisimulia vita vya Mtume kwa watu waliojua nani atashinda kabla ya ubeti wa kwanza, na bado walikaa mpaka wa mwisho, wakimpima mtunzi kwa vina na kwa namna alivyomfikisha shujaa pale panapojulikana. Wapenzi wa Horus Heresy hubishana hivyohivyo. Swali lao huwa kama usaliti umeiva au umelazimishwa, na nani kati ya waandishi wengi waliogawana kazi alimfanya Horus aingie akilini. Humo pia vitabu vinapingana bila mtu kuomba radhi. Msomaji huachiwa aamue nani kati ya wasimulizi anasema kweli. Ni mashabiki wasio na amani hata kidogo, lakini angalau ugomvi wao ni wa uandishi.

Nimebakiza ugomvi mmoja, ambao kwangu ndio mzito. Mwaka 2011 Karen Traviss, Mwingereza aliyewahi kuwa mwandishi wa habari, alianza utatu wake wa Halo kwa Glasslands. Nylund alikuwa amemchora Dakta Halsey kama mtu mwenye hatia moyoni, anayejua ubaya wa anachokifanya na kukifanya. Traviss akawaweka karibu naye watu wasiotaka kusikia habari ya hatia yake: uliiba watoto, hilo ndilo jina lake. Mashabiki wakagawanyika vibaya. Wengine walisema mwandishi amemchukia mhusika na anampiga kwa mikono ya wengine. Wengine kwamba kaharibu kanoni. Wengine kwamba nathari yake ni kavu. Katika lawama zote hizo pishi hubadilishwa katikati ya sentensi. Mtu huanza na uandishi, akamalizia na kumtetea Halsey kama anavyomtetea shangazi.

Nilimwazima The Fall of Reach rafiki mmoja kutoka Bukavu. Kiswahili cha kwao kina neno ambalo halimo katika kamusi ya Halo: kadogo. Ndivyo walivyoitwa watoto waliobeba bunduki katika jeshi la Laurent-Désiré Kabila wakati wa vita vya 1996 na 1997, na neno limebaki. Aliisoma polepole. Siku aliyonirudishia hakuzungumzia deraya, wala Pillar of Autumn kama ilikuwa angani au ardhini. Alifungua pale pa sarafu, akaweka kidole, akauliza, "Na wazazi?"

Kitabu cha Nylund hakina jibu. La Traviss lipo, katika kitabu chake cha tatu, Mortal Dictata cha 2014: baba mmoja, Staffan Sentzke, anamtazama binti aliyerudishiwa na kujua kwamba huyu si Naomi wake. Kila mtu anamwona mwendawazimu. Anamtafuta mwanawe kwa miaka mingi, kutoka sayari hadi sayari. Mashabiki wengi hukiweka kitabu hicho chini kabisa ya orodha zao. Nilimpa rafiki yangu mwaka juzi, na kila nikimuulizia anasema bado anakirudia.